Ukurasa Mmoja Kila Jumamosi: Mwongozo kwa Mwandishi Kijana wa Mwanza

Mdogo wangu, vijana wengi hunijia wakisema wanaandika riwaya. Nikiuliza imefika wapi, nakuta sura mbili au tatu, na jina la kitabu limeshachorwa kwa kalamu ya rangi juu ya daftari. Nikiuliza nani amezisoma hizo sura, jibu ni lile lile: bado, nasubiri niimalize kwanza. Sioni upungufu wa kipaji hapo. Naona mtu anayeandika kwa kujificha, anayengoja siku moja kubwa, na siku hiyo haifiki kwa sababu hajawahi kumaliza kitu chochote wala kuona uso wa mtu anayemsoma.

Kwa hiyo nakupa njia niliyopita mimi, na ambayo nimeona ikiwakuza wengine kuanzia Igoma hadi Nyegezi: andika ukurasa mmoja kwa wiki, umalize, umkabidhi msomaji siku hiyo hiyo uliyopanga, kisha uanze mwingine. Riwaya itakuja. Kwanza mkono uzoee kumaliza.

Hatua ya kwanza: weka siku

Nunua kauntabuku moja. Chagua siku ya kukabidhi. Mimi napenda Jumamosi, kwa kuwa walio shule wamepumzika na walio sokoni jioni wana nafasi. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, na namba. Ukurasa mmoja wa kauntabuku, kwa mwandiko wa kawaida, hubeba maneno kati ya 250 na 300. Hayo yanatosha kusimulia jambo moja lenye mwanzo na mwisho.

Wiki igawe hivi. Jumapili hadi Jumanne unakusanya. Jumatano unaandika rasimu. Alhamisi huigusi kabisa, na siku hiyo ya mapumziko usiidharau, maana macho yaliyoandika jana hayaoni makosa ya jana. Ijumaa unarekebisha na kunakili upya. Jumamosi unakabidhi, hata kama huupendi ukurasa wenyewe. Ukiruka wiki kwa sababu haukukupendeza, wiki inayofuata utaruka kwa sababu ndogo zaidi. Kuugua na kufiwa ni udhuru. Kukosa hamu si udhuru.

Hatua ya pili: kusanya kabla hujaandika

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopita mbio.

Insha tulizofundishwa shuleni zilianza karibu zote namna moja: jua lilichomoza kutoka mashariki, ndege wakaruka kutoka mti mmoja hadi mwingine wakiimba nyimbo nzuri. Sentensi hizo zinaweza kuandikwa na mtu wa Lindi, wa Moshi au wa Mombasa bila kubadilisha neno. Wewe uko Mwanza. Nyumba zimepanda mawe ya Mabatini kama mbuzi, mtu akitaka kufika kwake anapita mlangoni kwa jirani wanne, na mvua ikinyesha, maji yanashuka kwa ngazi zile zile zinazopandwa na watu. Hayo hayamo kwenye insha za shule. Yamo machoni pako, lakini umeyazoea hata huyaoni.

Beba kijidaftari, au tumia simu, na kila siku uandike mambo matano: kitu ulichoona, neno ulilosikia mtu akilisema, harufu, bei, na jina la kitu ambalo hukulijua. Hilo la tano ndilo lenye faida kuliko yote. Nenda mwaloni Kirumba alfajiri, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Usiandike "samaki". Kuna sangara, sato, furu, kambale, kamongo, gogogo, dagaa. Kila mmoja ana bei yake, mnunuzi wake na namna yake ya kushikwa. Uliza mabondo ni nini na kwa nini yanathaminiwa kuliko minofu. Uliza kwa nini kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, limekatazwa. Muulize mzee ziwa lilikuwaje kabla sangara hawajaenea, kwa maana sangara si wa asili ya ziwa hili. Waliletwa miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi wakapungua sana baada ya hapo. Mzee aliyekula furu utotoni atakusimulia jambo ambalo hakuna kitabu kitakusimulia kwa sauti ile.

Ukiuliza, salimia kwanza kama mtoto wa watu. "Shikamoo baba" inatosha, na kama mama anayeanika dagaa ni Msukuma, "Mwangaluka mayo" itakufungulia mlango haraka zaidi. Nunua hata fungu moja la dagaa. Mtu anayefanya kazi asikatishwe kazi bure. Na mwambie ukweli kwamba unajifunza kuandika. Watu wengi hufurahi kuona kuna kijana anayetaka kujua kazi yao.

Nakwambia haya kwa sababu yaliwahi kunikuta. Nikiwa na miaka kumi na saba niliandika kisa cha wavuvi wa dagaa waliotoka usiku, mbalamwezi imetanda juu ya maji, nyavu zimejaa. Niliupenda ukurasa ule. Nikamsomea mzee mmoja aliyevua miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia taratibu, "Mwanangu, usiku huo tungelala." Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa ndiyo inayowaita, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo wavuvi huvuta nyavu juu wakapumzika siku kadhaa. Kisa changu chote kilikuwa kimesimama juu ya usiku ambao haukuwepo. Tangu siku hiyo sijaandika kazi ya mtu kabla ya kumuuliza mtu anayeifanya.

Ukikosa pa kuanzia, haya ni maswali ya kurasa nne, mwezi mzima. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, wale waliokuwa wakiuza chakula kwenye foleni ya kivuko walihamia wapi, na wanauza nini sasa? Kondakta wa daladala ya Buhongwa husema nini abiria akitoa noti kubwa saa kumi na mbili asubuhi? Bibi yako alijuaje kwamba mvua inakuja? Gugu maji likiziba mwalo, siku ya mvuvi huanzaje?

Hatua ya tatu: rasimu

Kaa, andika mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Neno likikosekana, acha nafasi, uendelee. Saa moja inatosha. Hakuna zaidi la kusema kuhusu rasimu, isipokuwa kwamba itakuwa mbaya, na inaruhusiwa kuwa mbaya.

Hatua ya nne: soma kwa sauti, kisha punguza

Ijumaa jifungie mahali, au panda kwenye mawe pasipo na watu, usome kwa sauti ya kawaida ya kuongea. Kiswahili ni lugha ya sikio. Sentensi inayokukata pumzi ni ndefu. Sentensi unayoona aibu kuitamka mbele ya rafiki yako ina uongo ndani yake.

Tazama mfano huu. Rasimu ilisema:

"Alfajiri ile mandhari ya ziwa ilikuwa ya kuvutia sana, na wavuvi walikuwa wakifanya kazi kwa bidii kubwa huku nyuso zao zikiwa zimejaa furaha isiyo kifani."

Baada ya kwenda mwaloni na kurekebisha:

"Mtumbwi wa kwanza uliingia saa kumi na mbili kasoro. Taa mbili zilikuwa bado zinawaka. Mama mwenye kitenge cha njano alizamisha mkono kwenye dagaa hadi kiwikoni, akautoa, akaunusa, akasema, 'Hawa wa jana.' Mvuvi hakumjibu. Aliendelea kukunja wavu."

La pili halisemi popote kwamba kazi ni ngumu wala kwamba kuna mabishano ya bei, lakini unayajua yote mawili. Nimeondoa "sana", "kubwa", "isiyo kifani" na "ya kuvutia", nikaweka mkono, kiwiko na watu wawili, mmoja akisema na mwingine akiwa kimya. Chukua kalamu nyekundu, uzungushie kila sifa ya jumla kwenye ukurasa wako, na mbele ya kila moja ujiulize: nilikiona nini hasa? Ukiwa na jibu, liandike mahali pa ile sifa. Usipokuwa nalo, futa.

Zoezi jingine la kupunguza ni shairi la kimapokeo. Hata kama hutaki kuwa mshairi, andika ubeti mmoja kwa mwezi: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane upande wa ukwapi (nusu ya kwanza) na nane upande wa utao (nusu ya pili), vina vikilingana. Kwa mfano: "Ziwa letu limetanda, mawe yake yameketi." Hesabu silabi kwa vidole. Mizani haikubembelezi, neno la ziada halina pa kukaa. Ukirudi kwenye nathari yako baada ya kuhangaika na ubeti mmoja, utaona maneno yanayokaa bure.

Hatua ya tano: heshimu lugha, na usiionee haya ya kwenu

Sisi wa Kanda ya Ziwa R na L hutuchanganya, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa na Kisukuma. Katika kuongea watu husamehe. Katika maandishi, "mahari" na "mahali" ni mambo mawili, na "kula" si "kura". Ukiwa na shaka, fungua kamusi. Tafuta Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Kama huwezi kununua, nenda Maktaba ya Mkoa.

Makosa mengine nayaona kila wiki. "Mvuvi ambaye aliyekuja" ina virejeshi viwili. Sema "mvuvi aliyekuja" au "mvuvi ambaye alikuja". "Kwa hiyo" na "kwa sababu" ni maneno mawili mawili. H isiachwe: "hao" si "ao". Na alama ya kikomo haina gharama, itumie. Ukurasa wenye vikomo viwili humchosha msomaji kabla hajajua unasema nini.

Lakini nakusihi usifute sauti ya kwenu. Msimulizi wako atumie Kiswahili safi, na mama wa sokoni aseme "wabeja" akishukuru, kwa sababu ndivyo anavyosema. Usimtafsirie msomaji ndani ya mabano. Panga tukio lenyewe lieleze: mtu anapokea chenji yake, anatabasamu, anasema wabeja. Msomaji wa Tanga ataelewa.

Na usidhani watu wa ziwa hawana mahali katika fasihi ya Kiswahili. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha ile. Akiwa mzee aliifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuimaliza. Mwaka uliofuata akafariki. Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, ambaye mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalizua mabishano makali miongoni mwa washairi katika miaka ya 1970. Gabriel Ruhumbika naye ni wa Ukerewe, na ndiye aliyeifasiri kazi ya Kitereza kwa Kiingereza. Ukisimama Kirumba unaona meli zikielekea huko kila siku. Wasome wote watatu. Soma mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili ukiwa na kalamu, ukiangalia sura inaanzaje na mtu anaingizwaje.

Hatua ya sita: tafuta wasomaji watatu

Usianze na hadhira kubwa. Tafuta watu watatu.

Wa kwanza awe wa rika lako, anayekupenda lakini haogopi kukwambia kweli. Wa pili awe mtu anayelijua jambo uliloandika: kama ni kisa cha fundi cherehani, mpe fundi cherehani. Kama hasomi, au macho yamechoka, msomee. Hapo utajifunza mengi kuliko kwingine kokote, maana utaona mahali anapoacha kukutazama na kuanza kuangalia kazi yake. Wa tatu awe mtu wa lugha, mwalimu wa Kiswahili au jamaa mwenye mazoea ya kusoma magazeti hadi mwisho.

Usiwaulize "ni nzuri?" Watajibu ndiyo, kwa adabu, na hutakuwa umepata kitu. Uliza hivi: nisimulie ulichosoma. Ulichoka wapi? Kuna mahali hukuamini? Ni nani ulitaka kumjua zaidi? Kisha nyamaza, uandike majibu nyuma ya ukurasa. Usijitetee. Ukianza kueleza "hapo nilimaanisha hivi," basi hayo unayoyaeleza ndiyo yaliyokosekana kwenye karatasi.

Si kila wanalosema utalifuata. Wakikubaliana wawili kwamba hapa pamezubaa, pamezubaa. Akisema mmoja tu, pima. Lakini yule mwenye kazi yake akikwambia umekosea kuhusu kazi yake, rekebisha siku hiyo hiyo.

Mkiwa wengi mnaoandika, kutaneni. Binti mmoja wa Igoma alianza na wenzake wawili chini ya mwembe, kila Jumamosi saa tisa, kila mmoja na ukurasa wake. Kanuni yao ilikuwa moja: asiyeleta ukurasa hasemi kitu kuhusu ukurasa wa mwenzake. Walifanya hivyo miezi minane. Nilisoma kurasa zake za kwanza na za mwisho nikiziweka pamoja mezani, na kama si mwandiko nisingeamini kwamba ni mtu mmoja.

Hatua ya saba: ya watu na ya kweli

Ukiandika kutoka maishani, utaandika kuhusu watu wanaoishi. Badilisha majina, mtaa, kazi, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu kwa jirani zake. Siri uliyoambiwa si mali yako. Mtu akikuomba usiandike, usiandike, hata kama kisa kinakuchoma vidole. Visa vingine viko.

Mambo yaliyotokea kweli yana adabu yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Katika mji huu hujui nani aliyeketi karibu nawe kwenye daladala alimzika nani. Makaburi ya waliokufa na MV Bukoba yako hapa hapa Igoma. Idadi ya waliopotea utasikia ikitajwa tofauti kila kijiwe. Usiandike tarakimu ya kijiweni. Tafuta taarifa rasmi au uache. Na usiyatumie maji yale kama pambo la kusisimua kisa cha mapenzi. Ukitaka kuandika kuhusu siku hizo, kaa na aliyebaki, usikilize anachotaka kusema yeye, halafu umsomee kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya nane: mwaka ukiisha

Ukishika Jumamosi zako, mwaka mmoja utakupa kurasa 52. Toa udhuru wa hapa na pale, bado una zaidi ya arobaini. Zisome zote kwa siku moja, kwa mpangilio wa tarehe. Utaona mambo mawili: kosa ulilokuwa unalirudia mpaka mwezi gani, na jambo unalolirudia bila kujijua. Labda kurasa tisa zina bibi ndani yake. Labda kila kisa kinaishia kivukoni. Hilo unalolirudia ndilo huenda riwaya yako inakotoka, kwa hiyo ligeuze, liulize maswali.

Chagua kurasa kumi bora, uzipige chapa vizuri, ukisahihisha kosa kwa kosa. Sasa unaweza kutoka nje. Magazeti ya Kiswahili huchapisha hadithi na makala. Soma matoleo kadhaa ujue wanapenda urefu gani kabla hujatuma. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, hupokea miswada ya Kiswahili. Fuatilia matangazo yake na usome masharti neno kwa neno, kwani mswada mzuri uliokiuka masharti hauendi popote.

Kuhusu haki yako: chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu unapoiandika, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, husajili kazi, na cheti husaidia ikitokea ubishi. Usisaini karatasi yoyote inayotoa haki zako bila kuisoma pamoja na mtu mzima anayeelewa mikataba. Na mtu akikusifu mno kisha akakudai fedha ili akuchapishe, rudi nyumbani ukafikiri kwanza wiki mbili. Nimemwona kijana akitoa akiba yake ya mwaka mzima na kubaki na maboksi ya vitabu chini ya kitanda, visivyopitiwa na mhariri, jina lake mwenyewe likiwa limekosewa jaladani.

Hakikisha unabaki na nakala ya kila unachotuma. Andika nyuma ya kauntabuku umetuma nini, wapi na tarehe gani. Majibu huchukua miezi, na mengine hayaji. Wakati unangoja, Jumapili imefika, kijidaftari kiko mfukoni, na bado hujamuuliza yule mama wa kitenge cha njano alijuaje kwamba dagaa wale ni wa jana.